UZI: Kusimulia vitabu vya zamani kwa meseji na emoji, ila tusivichinje

Kalamu Butu (mwenye uzi)

Wakuu salama humu ndani.

Kuna huu mchezo wa kuchukua kazi za zamani, zile zenyewe hasa, akina Shakespeare na Homer, mtu anazigeuza zinakuwa chati za simu na emoji. Wengi wakisikia hivyo wanaona ni utani tu na kweli mwingi ni utani, mtu anabandika 👦❤️👧☠️☠️ anakwambia hiyo ndo Romeo na Juliet, watu wanacheka, wanagonga laiki, wanapita. Mi hiyo siiti kusimulia, hiyo ni kubandika lebo kwenye chupa, kilichomo ndani hujakionja.

Nachotaka kusema ni hiki, afu mnipinge mnavyotaka. Hadithi nyingi kubwa za zamani ukizichungulia kwa karibu zimesimama juu ya ujumbe. Barua imechelewa, barua imeangukia mikono mingine, barua imeandikwa na mtu anayejifanya mwingine, barua imefika na mwenyewe hakuifungua. Kwa hiyo anayetaka kuihamishia hadithi kwenye simu asianze kuhangaika emoji gani inafaa, aanze kujiuliza humu ndani ni ujumbe gani uliokwama, na kwenye simu utakwamia wapi. Maana simu ikifanya kazi sawasawa nusu ya misiba ya fasihi inaishia sura ya pili, mtu anapiga tu "uko wapi" basi, kitabu kimefungwa.

Twende na hao hao Romeo na Juliet. Juliet kanywa dawa itakayomlaza kama maiti kwa masaa 42. Mtawa Laurence ndo kapanga mchongo mzima na anatakiwa amjulishe Romeo ambaye kafukuzwa Verona, yuko Mantua. Barua anampa mtawa mwenzake, John. John kabla hajaondoka akapitia kwa mtawa mwingine wa kusafiri nae aliyekuwa anazuru wagonjwa, wakaguzi wa mji wakahisi nyumba ile ina tauni, wakaifunga, John ndani na barua yake. Huku nyuma Balthasar, mtumishi wa Romeo, kaona kwa macho yake Juliet anaingizwa kaburini, hajui lolote kuhusu dawa, kakimbia Mantua kupeleka habari. Yaani habari ya uongo imefika mapema na ya kweli haijatoka hata mjini.

Mi nimeiandika hivi. Romeo baada ya kufukuzwa kabadili laini, Balthasar anayo namba mpya, Laurence kabaki na ya zamani:

Laurence: Romeo usishtuke ukisikia lolote. Juliet HAJAFA. Ni dawa, ataamka baada ya masaa 42. Njoo usiku tumtoe. Ukisoma futa ✓
Laurence: Romeo? ✓
Laurence: Mwanangu washa simu ✓

Balthasar: Bosi ✓✓
Balthasar: Sijui nianzie wapi ✓✓
Balthasar: Nimemuona wanamlaza kwenye kaburi la kwao 😭 ✓✓
Romeo: anaandika...
Romeo: anaandika...
Romeo: Mtawa hajakupa ujumbe wangu wowote?
Balthasar: Hapana bosi
Romeo: Haidhuru. Nitafutie usafiri

Hiyo ya Romeo kuulizia ujumbe wa mtawa sijaitunga mimi, iko kwenye tamthilia yenyewe, anauliza, anajibiwa hakuna, anasema haidhuru, anaagiza farasi. Na angalieni, emoji iko moja tu tena imetoka kwa mtumishi. Romeo nimemnyima makusudi, mtu akishakata shauri hahangaiki kutafuta kikatuni cha kulia. Msiba wote umebebwa na zile tiki moja moja za Laurence.

kichwa_ngumu22

Nimekaa siti ya mbele kabisa, tiririka mkuu.

Ila swali dogo. Huyo Laurence si angemuomba tu Balthasar namba mpya? Au angemtuma Balthasar mwenyewe? Hapo mi naona pana tobo.

Mwalimu wa Zamu

Hilo tobo si la mwenye uzi, ni la Shakespeare mwenyewe. Tendo la tatu onyesho la tatu, Laurence anamuahidi Romeo kwamba atamtafuta huyo huyo mtumishi wake awe anampelekea kila habari njema ya Verona. Ilipokuja habari nzito kuliko zote akampa John. Watu wanaisoma tamthilia hii miaka nenda rudi na hawalioni.

Sasa nikishasema hilo niseme na la pili. Mimi huu mchezo siupendi na sitajificha. Fasihi ni lugha. Ukimtoa Shakespeare lugha yake kinachobaki ni umbea wa familia mbili zisizopatana. Na vijana wetu hawa wavivu wa kusoma watakariri hizo chati wataingia nazo kwenye mtihani, atakayekuja kusahihisha atalia.

Bint Maktaba

Mwalimu shikamoo. Umbea wa familia mbili hata Shakespeare aliukuta tayari, kautoa kwenye shairi refu la Arthur Brooke la 1562, na Brooke nae kalitoa kwa Wataliano kwa kupitia Kifaransa. Kwa hiyo kama kuhamisha hadithi kutoka chombo kimoja kwenda kingine ni dhambi basi mwenye dhambi wa kwanza tunamjua.

Mwalimu wa Zamu

Marahaba binti. Brooke alihamishiwa kwenye kitu kikubwa kuliko chake. Hapa tunahamishia kwenye kidogo. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Kalamu Butu

Mwalimu hapo umegonga penyewe wala sikupingi kwa haraka, na mfano mzuri wa kukuunga mkono ninao mimi mwenyewe.

2009 Fred Benenson, Mmarekani, alichangisha pesa mtandaoni ili Moby-Dick, ile riwaya ya nahodha anayemsaka nyangumi, yote igeuzwe emoji. Yote, sio muhtasari. Sentensi karibu 10,000 akazigawa kwa vibarua wa mtandaoni kupitia Mechanical Turk ya Amazon, kila sentensi ikatafsiriwa mara tatu, afu vibarua wengine wakapiga kura ipi iingie kitabuni. Watu zaidi ya 800 walishiriki. Kitabu kikatoka 2010 kinaitwa Emoji Dick, na 2013 Maktaba ya Bunge ya Marekani ikakipokea kwenye hazina yake. Ile sentensi ya kwanza maarufu ambayo msimuliaji anajitambulisha imekuwa hivi: 📞👨⛵🐳👌. Simu hapo inafanya nini sijui, kitabu ni cha 1851 na Bell alipata hataza ya simu 1876.

Kama jaribio namvulia kofia. Kama kitabu hakisomeki, tuseme ukweli. Na sababu sio kwamba emoji ni za kitoto. Ni kwamba kila kibarua alishika sentensi yake, hakuna aliyeshika hadithi. Ahab mwenyewe, nahodha mzima aliyekatwa mguu na nyangumi, anaweza kuwa sura hii huku na sura nyingine kule. Afu emoji haijui wakati. Haina "alikuwa", haina "asingekuwa", haina "hata kama". Jaribuni kuandika "angejua asingeondoka" kwa emoji tupu mnipe majibu.

Kwa hiyo emoji peke yake kwangu hapana. Emoji ndani ya chati, mkononi mwa mtu fulani anayemwandikia mtu fulani, hapo kidogo. Maana pale emoji haitafsiri tena sentensi, inaonyesha tabia ya aliyeituma.

kichwa_ngumu22

🐳🦵😡🚢🐳💀⚰️🛟

Moby-Dick hiyo, bure kabisa, bila vibarua 800 😂

Bint Maktaba

Hahaha na jeneza umeliweka! Wengi wanalisahau, Ishmael, yule msimuliaji, kaokoka kwa kuelea juu ya jeneza la rafiki yake Queequeg. We umesoma bwana usijifanye kichwa ngumu.

kichwa_ngumu22

Nimefumwa 🙈

Bint Maktaba

Mi naomba niwapeleke Ujapani kidogo kwa sababu naona mnajadili hili jambo kama limeanza juzi.

Emoji zenyewe mnajua kwao ni Ujapani, zile 176 za Shigetaka Kurita za kampuni ya simu ya NTT DoCoMo mwaka 1999 ndo zinazotajwa sana japo wenzao wa J-Phone walishatoa za kwao 1997. Na hadithi za kwenye simu kwao zilikuwa biashara kubwa, watu walikuwa wanaandika riwaya kwa vidole gumba kwenye zile simu za kukunja, 2007 katika riwaya kumi zilizoongoza kwa mauzo kule tano zilianzia kwenye simu. Wasomi wao walichukia kama mwalimu wetu hapa (samahani mwalimu). Sasa sikilizeni. Kulikuwa na bibi mmoja mtawa wa Kibudha, Setouchi Jakuchō, mwandishi mkubwa na mmoja wa walioifasiri Hadithi ya Genji kutoka Kijapani cha kale kuja cha kisasa. 2008, ana miaka 86, akatoa riwaya ya kwenye simu kwa jina la bandia, Purple. Baadae akajitokeza kwamba ni yeye.

Na hakuwa anapotea njia. Ingieni ndani ya Genji yenyewe, kazi ya mwanzoni mwa karne ya 11, ya Murasaki Shikibu. Mle watu hawaongei mapenzi, wanatumiana. Shairi fupi la mizani 31 linaandikwa kwenye karatasi, linakunjwa, linafungwa kwenye kitawi cha mti au ua, anapewa mtu apeleke, na yule wa upande wa pili akichelewa kujibu ni habari, akijibu haraka sana nayo ni habari. Wanachambua mwandiko, rangi ya karatasi, ua gani limechaguliwa na linaendana na msimu au la. Lile ua ni nini kama sio emoji? Halisemi neno lakini ukikosea ua umeharibu ujumbe mzima.

Kwa hiyo mwalimu, Genji ukiirudisha kwenye simu hujaihamishia kwenye kidogo. Umeirudisha kwao.

Malenga Chipukizi

Dada hapo kwenye mizani 31 nimesimama wima. Ubeti wetu wa utenzi ni mistari minne, kila mstari mizani nane. Piga hesabu: 32! Mizani moja tu zaidi ya Wajapani. Na SMS ya kawaida inabeba herufi 160, ubeti wa utenzi unaingia mle na nafasi ya kujibu salamu inabaki.

Afu tukiongelea ujumbe, hivi mtaacha kumtaja Fumo Liyongo? Kafungwa pingu na minyororo, walinzi mlangoni. Mama yake anamtuma kijakazi Saada ampelekee chakula, walinzi wanakula kizuri wanamwachia makombo. Liyongo anamwimbia Saada maneno ya kumpelekea mama, mbele ya walinzi wenyewe, kwamba afanye mkate wa wishwa na ndani yake aweke tupa. Walinzi wanasikia wimbo, hawang'amui. Mkate ulipokuja wakauona wa wishwa, wakaudharau, wakampitishia. Usiku ngoma ya gungu inapigwa nje kwa kelele, yeye ndani anakereza pingu.

Sasa nijibuni. Hiyo kwa emoji mnaifanyaje? 🍞⛓️ mlinzi akichungulia simu tu mchezo umeisha. Emoji ni picha, na picha haifichi. Ushairi unaficha.

Kalamu Butu

Malenga umenipa kazi nzuri. Ila nakupinga kwenye "picha haifichi". Watu wana emoji zao za siri kila siku, wapenzi wana alama yao, marafiki wana yao, mzazi akiona 🐢 anaona kobe na wenyewe wanajua maana yake "njoo kimya kimya". Picha inaficha kama watu wawili wamekubaliana zamani. Tatizo la Liyongo ni kwamba mama hajakubaliana nae kitu, ndo maana alihitaji lugha anayoielewa mama na walinzi wanaisikia kama burudani tu. Kwa hiyo mi ningeifanya voisi noti. Saada anarekodi Liyongo anaimba, walinzi kwa nyuma wanasikika wanapiga makofi. Chini yake mama anajibu kwa emoji moja tu 🍞. Hapo mlinzi akiona anaona mama kakubali kupika.

Malenga Chipukizi

Makofi ya walinzi ndani ya voisi noti!! Mkuu nimekubali, hiyo nakuibia.

Msomaji Kimya

Huwa sichangii humu nasoma tu ila leo mmenigusa. Mmeongelea barua kukwama na hamjaitaja Dracula, ile riwaya ya mnyonya damu, ambayo wala haihitaji kugeuzwa, ilishaandikwa kama mafaili ya simu tangu 1897. Bram Stoker hajasimulia popote kwa sauti yake, ni shajara, barua, vipande vya magazeti, telegramu, na daktari Seward anarekodi sauti kwenye fonografu. Yaani voisi noti kabisa, tena anajilalamikia mbele kwamba hakuwahi kufikiria atakujaje kutafuta sehemu anayoitaka katikati ya rekodi. Nani hajapata shida hiyo.

Ile inayoniuma ni telegramu ya Van Helsing, profesa anayehangaika kumwokoa binti Lucy na huyo Dracula. Yuko Antwerp, anamwagiza Seward asikose kuwa nyumbani kwa akina Lucy usiku ule. Telegramu haikuandikwa jimbo, ikapelekwa Carfax ya Sussex badala ya ile inayohusika, ikafika imechelewa masaa 22. Usiku huo Lucy hana mlinzi, mbwa mwitu anavunja dirisha, mama yake anafariki. Stoker kaiweka hiyo habari ya kuchelewa kwenye kichwa cha telegramu, mstari mmoja mkavu kama taarifa ya mtandao. Ukiisoma haraka unaipita.

Kwenye chati unaiweka hivi na huongezi chochote:

Van Helsing: Usiku huu usikose kuwa pale. Muhimu sana 🙏
*Ujumbe umetumwa 17 Septemba. Umepokelewa baada ya masaa 22*

kichwa_ngumu22

Asee nimesisimka. Na mimi leteni nafasi, nimekuja na Odyssey ya Homer, ile ya Odysseus kapotea miaka, wachumba wanamgombea mkewe Penelope, mwisho jamaa anarudi kajifanya ombaomba, msinicheke.

*Grupu: WACHUMBA WA MALKIA 👑 washiriki 110*
Antinous: Malkia leo tunataka jibu, mume wako mara ya mwisho kuonekana ni lini?
Penelope: Namalizia kitu kimoja cha baba mkwe, nikimaliza tu nawajibu 🙏
Penelope: anaandika...
Eurymachus: Tulieni, anaandika
Penelope: anaandika...
*mwaka wa kwanza*
Penelope: anaandika...
*mwaka wa pili*
Penelope: anaandika...
*mwaka wa tatu*
Antinous: WAKUU. Kijakazi wake kanitumia skrinishoti. Alichoandika mchana usiku anafuta
Eurymachus: 😳
Antinous: Afu mwenzenu mbona inboksi kaniambia nivumilie
Eurymachus: Hata mimi kaniambia nivumilie
Amphinomus: Na mimi
*Eumaeus ameongeza namba ngeni*
Antinous: Huyu nani hana hata picha? Toeni ombaomba humu

Bint Maktaba

NIMEKUFA 😂😂😂 "anaandika" miaka mitatu! Kufuma mchana kufumua usiku ndo hiyo hiyo kabisa, na kijakazi kumsaliti kumbe umemkumbuka. Hata hiyo ya inboksi ipo kwa Homer, Antinous analalamika mbele ya mkutano kwamba anampa kila mmoja matumaini na kumpelekea ujumbe.

Ila mbona washiriki 110? Wachumba kwa Homer ni 108.

kichwa_ngumu22

108 ongeza malkia mwenyewe ongeza Eumaeus mchunga nguruwe wao, admini lazima awemo dada yangu 😎

Na mwisho wake ninao. Odysseus akishawamaliza wote anamtumia mkewe "ni mimi". Malkia haamini, anamuuliza swali la siri kama lile la kurudishia akaunti, kuhusu kitanda, ambacho Odysseus alikichonga kwenye mzeituni ulioota palepale chumbani na hakisogezeki. Sasa malkia anaandika "basi wakutolee kile kitanda nje ulale" na jamaa anawaka, herufi kubwa tupu, NANI KAKISOGEZA KITANDA CHANGU. Hapo ndo anafunguliwa.

Mwalimu wa Zamu

Hilo la kitanda ni zuri. Nakubali bila kinyongo.

Kalamu Butu

Mwalimu tunakuvuta taratibu 😄

Mi niongeze moja afu niende kwenye shida ambayo hamjaigusa. Eugene Onegin ya Pushkin, ilitoka nzima 1833, riwaya ya kishairi. Ukiisoma leo ni riwaya ya kuachwa umesomwa hujajibiwa. Tatyana, binti wa shamba, anamwandikia Onegin barua ndefu ya kumpenda, usiku kucha. Siku inapita hakuna jibu, nyingine inapita, afu anakuja mwenyewe bustanini anamsomea somo la tabia. Miaka baadae Tatyana kawa mke wa mtu mkubwa mjini, Onegin anamuona, anachanganyikiwa, anaandika barua. Kimya. Ya pili, ya tatu. Kimya. Mi ningeweka skrini mbili tu bila neno la msimuliaji. Ya kwanza meseji ndefuuu ya binti hadi "gusa kusoma zaidi", tiki mbili za bluu, chini tupu. Ya pili meseji tatu za bwana, tiki mbili za bluu, chini tupu. Hapo emoji ingeharibu kila kitu.

Sasa shida yenyewe. Katikati ya Onegin kuna duwelo, Onegin anampiga risasi rafiki yake Lensky, kijana mshairi, anakufa kwenye theluji. Weka hiyo kwenye chati na hii: 🔫. Unaona nini? Simu nyingi inatokea bastola ya maji, ya kijani. Apple walibadilisha 2016, kufika 2018 karibu kampuni zote kubwa zikafuata, afu 2024 mtandao wa X wakairudisha bastola yenyewe. Yaani ujumbe ule ule, kwa msomaji mmoja Lensky kauawa, kwa mwingine kamwagiwa maji. Mwandishi wa zamani alikuwa na uhakika kwamba neno aliloandika ndo litakalosomwa. Sisi mchoro unachorwa na kampuni iliyotengeneza simu ya msomaji, na wanaweza kuubadilisha usiku umelala. Ndo maana kwenye kifo situmii emoji, naandika.

Msomaji Kimya

Au unaifanya ndo hadithi yenyewe. Onegin anatuma 🔫 kwa utani, Lensky kwake inatokea ya kweli. Ugomvi wao si ulianza na utani, kucheza na mchumba wa mwenzie kwenye sherehe.

Kalamu Butu

Duh. Wewe uliyekuwa unasoma tu kimya miaka yote ulikuwa unatuibia.

Malenga Chipukizi

Mwalimu umekaa kimya muda. Tupe yako moja, hata kwa shingo upande.

Mwalimu wa Zamu

Mmenizunguka. Haya. Mimi nafundisha Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, aliifasiri kwanza 1963 akaitoa upya 1969, kwa hiyo ninachokijua vizuri ni hicho. Sitaweka vikatuni.

Kwanza mkumbuke Brutus aliingizwaje kwenye njama ya kumuua Kaizari. Cassius anatengeneza barua za uongo, mwandiko tofauti tofauti kana kwamba zimetoka kwa raia mbalimbali, zinatupwa dirishani kwa Brutus usiku. Hizo ni akaunti feki, sina jina jingine. Brutus akadhani Roma yote inamwomba.

Halafu asubuhi ya siku yenyewe, Kaizari njiani:

Artemidorus: Kaizari jihadhari na Brutus, Cassius usimsogelee, Casca mwangalie, wote nia yao moja ✓✓
Decius: Mheshimiwa, Trebonius anaomba upitie ombi lake dogo ukipata nafasi ✓✓
Artemidorus: Kaizari soma yangu kwanza, inakuhusu wewe binafsi ✓✓
Kaizari: Yanayonihusu mimi yatasomwa mwisho
Artemidorus: Usichelewe, isome sasa hivi ✓✓
Kaizari: Huyu ana wazimu?

Nimeishia hapo. Meseji ya kwanza ya Artemidorus inabaki na tiki mbili, haigeuki bluu.

kichwa_ngumu22

Mwalimuuuu 🔥🔥🔥 kaiona kwa juu kwenye skrini hakuifungua!

Bint Maktaba

Na Decius kujipenyeza katikati na kiombi chake cha Trebonius! Nimepitia, kweli kipo. Meseji ya maana imefukiwa na meseji ya kipuuzi, tena ya makusudi, Decius nae ni mmoja wao.

Swali kwa mwalimu, Brutus kwenye hilo grupu lao la wauaji angekuwa anatumia emoji gani?

Mwalimu wa Zamu

Brutus hatumii. Cassius ndiye anazitumia, na anazituma kwa Brutus tu.

Kalamu Butu

Hapo mwalimu nakataa. Cassius kwa Brutus anakuwa mzito, anapima maneno, hathubutu. Wa emoji ni Antony, na zote anaziweka kwenye hotuba ya mazishi ya Kaizari, kila akimwita Brutus "mtu mwenye heshima" anaweka 🙏 moja, mpaka ile ya mwisho watu wanaona kabisa hiyo 🙏 sio ya heshima.

Mwalimu wa Zamu

Antony nakupa. Cassius sikupi, tendo la nne onyesho la tatu wanagombana hemani kwa ajili ya fedha, kasome uone nani analia. Kesho nina kipindi asubuhi, jioni narudi na mistari yenyewe.